Jiko la Gesi Likikataa Kuwaka

Ndugu wa vikundi, chai ya kuuza haingoji. Hapa Garissa tumeona jiko la mtungi wa kilo 6 likikataa kuwaka, mtu anapiga kiberiti baada ya kiberiti huku gesi iko wazi. Hapo ndipo watu huungua. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, haipandi juu bali inatambaa chini na kujaa kibandani. Basi funga kwanza, fungua mlango, usiguse swichi ya taa, ngoja harufu iishe kabisa.

Halafu tikisa mtungi. Ukisikia majimaji yakicheza ndani, gesi iko. Shida mara nyingi ni hili vumbi letu. Gesi ikiwa imefungwa, fungua kichwa cha jiko utafute kile kitundu chembamba inapotokea. Kisafishe kwa unywele mmoja wa brashi. Sindano tusitumie jamani, inapanua kitundu, na moto utakuwa wa manjano wenye masizi.

Ukisharudisha, paka povu la sabuni kwenye maungio, kisha fungua gesi kidogo. Mapovu yakifura, inavuja: funga, kaza, au badilisha mpira wa ndani. Siku ya kuwasha, kiberiti kitangulie, gesi ifuate.