SOMO LA HESABU: JUMLISHA NA TOA KATIKA MPIRA WA KIKAPU

Shikeni daftari na kalamu.

Leo tutaona namna hesabu iliyo sahihi iwezavyo kutoa hukumu isiyo ya haki.

Katika mpira wa kikapu kila upande una wachezaji watano uwanjani. Wengine hungoja nje. Mwenye kuandika hesabu humtazama mchezaji mmoja. Tangu alipoingia mpaka alipotoka, upande wake umepata pointi ngapi? Wapinzani je? Kisha hutoa. Andikeni:

Mchezaji wa kwanza: 18 − 12 = +6
Mchezaji wa pili: 9 − 15 = −6

Je, wa kwanza ndiye bora? Msijibu upesi.

Hesabu hii ina faida yake. Mtanzania Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili mwaka 2009 kuingia ligi kubwa ya Marekani iitwayo NBA. Kimo chake chapata mita 2.21. Mtu mrefu hivyo akisimama chini ya kikapu, mpinzani husita kurusha mpira. Kusita huko hakuandikwi katika hesabu ya vikapu alivyofunga mtu, lakini katika jumlisha na toa huweza kuonekana, kwa kuwa wapinzani hupata pointi chache.

Sasa tazameni upungufu wake. Wavuvi watano wakitoka na mtumbwi mmoja, samaki huhesabiwa kwa mtumbwi mzima. Aliyevuta wavu na aliyesinzia hupata namba ile ile. Ndivyo ilivyo kwa wachezaji watano walio uwanjani pamoja.

Tena, mnajua ninyi kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mvuvi akitumwa siku za mbalamwezi tu, atarudi na kidogo. Je, ni mvivu? La. Kadhalika mchezaji aingiaye wakati wenzake hodari wanapumzika, au wapinzani hodari wote wamo uwanjani, huweza kupata alama ya toa ingawa amejitahidi.

Tatu, dakika chache hazitoshi. Mpira mmoja uliorushwa kutoka mbali huleta pointi 3, na hubadili hesabu ya mtu ambaye hata hakuugusa. Thabeet mwenyewe mara nyingi alichezeshwa dakika chache. Namba ya mchezo mmoja isingetosha kumpima.

Wataalamu hukusanya michezo mingi, wakaangalia nani alicheza pamoja na nani, na dhidi ya nani. Hiyo ni bora zaidi. Lakini wawili wasioachana uwanjani ni vigumu kuwatenganisha kwa hesabu, kwa hiyo macho ya mwalimu wa timu bado yahitajika.

Basi siku kijana wenu akiondolewa katika timu kwa sababu ya namba moja, msinyamaze. Ulizeni: Alicheza na nani? Alicheza dhidi ya nani? Alicheza kwa muda gani? Maswali haya yafaa pia kwa mwalimu, mkulima au mvuvi anayepimwa kwa namba. Kujua kusoma namba ni pamoja na kujua kuiuliza.

Zungumzeni katika kundi lenu: ni kazi gani hapo kijijini hufanywa na wengi, kisha sifa au lawama akapewa mmoja?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.