Mti wa Bunduki na Mafuta ya Kitani: Istilahi Tatu za Kuangaliwa

Hivi karibuni tuliletewa tuikague tafsiri ya mwongozo wa kutengeneza upya mbao za bunduki kuukuu za kijeshi, zile ambazo siku hizi huhifadhiwa na majumba ya makumbusho na wakusanyaji wa vitu vya kale. Bunduki iliyoelezwa ni Lee-Enfield ya Uingereza, aina ya Mark III, iliyoanza kutumika mwaka 1907. Bunduki za ukoo huo zilibebwa pia na askari wa King's African Rifles, ambao wazee wetu waliwaita Keya. Tafsiri ilikuwa fasaha, lakini maneno matatu ndani yake yangeweza kumpasulia fundi mti au kumchomea nyumba. Tunayaeleza hapa kwa faida ya wafasiri na walimu.

La kwanza ni kitako. Mfasiri aliita mbao zote za bunduki kitako. Katika lugha yetu kitako ni sehemu ya nyuma tu, ile inayoegemezwa begani. Lee-Enfield ina kitako, na mbele yake ubao mwingine ulio chini ya mtutu. Katika aina hiyo ya Mark III, bolti ndefu inayoshika kitako ina ncha ya mraba iliyoshikwa na kibati kilichomo nyuma ya ubao wa mbele. Bolti ikizungushwa kabla ubao huo haujaondolewa, kibati huzunguka nayo na ubao hupasuka. Kwa hiyo agizo la "ondoa kitako kwanza" ni agizo la kuharibu. Tunapendekeza mti wa bunduki kwa mbao zote pamoja, kitako kwa sehemu ya nyuma, na mti wa mbele kwa ule wa chini ya mtutu. Neno mpini tumeliacha, kwani mpini ni wa jembe na kisu.

La pili ni rangi. Mwongozo unapozungumzia kuupa mti sura yake ya mwisho, mfasiri aliandika "kupaka rangi". Kuna njia mbili zilizo mbali kabisa. Vanishi na lakiri hukaa juu ya mti kama ngozi. Hizo tunaziita mpako. Mafuta huingia ndani ya nyuzi za mti, na mafundi wetu tayari husema kuwa mbao "imekunywa". Basi kitendo hicho kiitwe kunywesha mafuta. Mti wa Lee-Enfield, ambao mara nyingi ni wa mjozi, ulinyweshwa mafuta, haukupakwa. Vivyo hivyo tutenge kusafisha na kupiga msasa. Uchafu wa zamani huondolewa kwa kitambaa na tapentaini, na mibonyeo huinuliwa kwa kitambaa kibichi na pasi ya moto, maana mvuke huvimbisha nyuzi. Msasa hula mihuri ya kiwanda na jeshi, na hulegeza mahali mti ulipokutana na chuma. Kilicholiwa na msasa hakirudi.

La tatu ndilo la hatari. Mafuta yenyewe ni ya mbegu za kitani. Msomaji asiyachanganye na katani, yaani mkonge, ambao hutoa nyuzi. Mafuta hayo huuzwa kwa namna mbili: mabichi, yanayochukua siku nyingi kukauka, na mengine ambayo kwa Kiingereza huitwa "yaliyochemshwa". Mfasiri alifuata neno kwa neno. Lakini mafuta ya pili, kama yanavyouzwa leo, kwa kawaida hayakuchemshwa. Yametiwa chumvi za metali, kama vile manganizi au kobalti, ili yakauke kwa muda wa siku moja hivi. Msomaji aliyenunua mafuta mabichi akaambiwa anahitaji "yaliyochemshwa" atayabandika jikoni, na mafuta yaliyopata moto mwingi huwaka. Tunapendekeza mafuta ya kitani ya kukauka upesi.

Hapo inafuata onyo ambalo mfasiri alilifupisha hadi likapotea. Mafuta ya kitani hukauka kwa kuchukua oksijeni ya hewa, na kazi hiyo hutoa joto. Kitambaa kilicholowa mafuta hayo kikikunjwakunjwa na kutupwa pembeni, joto hukosa pa kutokea, na kitambaa huweza kuwaka chenyewe bila cheche wala kiberiti. Vitambaa hivyo vitandazwe nje, kimoja kimoja, hadi vikauke, au vitiwe majini katika kopo la bati lenye kifuniko.

Tunayatoa mapendekezo haya ili wasomaji wayapime katika kazi zao. Neno la kigeni lina jina, na lina kitu kinachotajwa. Mfasiri anayefasiri jina bila kukijua kitu amemwachia fundi hatari ambayo yeye mwenyewe hataiona.