Vijana wa roki: wezi au warithi?

JUMAPILI moja baada ya chakula cha mchana niligombana na mtoto wa marehemu kaka yangu, na ugomvi wenyewe, usicheke msomaji, ulihusu bendi ya Wazungu ambao hata hawajui kama Temeke ipo duniani.

Kijana alikuwa kajilaza kwenye mkeka barazani, simu kaiweka kifuani, anasikiliza muziki. Mimi nilikuwa ndani nautafuta usingizi. Ghafla nikasikia gitaa linakwaruza, halafu sauti ya mtu anapiga yowe refu la kupasua paa. Nikakurupuka. Yowe hilo nalijua tangu sina ndevu. Nikajisemea, ala, kumbe mtoto huyu leo kapata akili, anasikiliza Led Zeppelin!

Nikatoka na msuli wangu kiunoni, nikamuuliza: "Hiyo albamu gani ya Zeppelin? Mbona siikumbuki?"

Akacheka. "Siyo Zeppelin, Ba'mdogo. Hawa wanaitwa Greta Van Fleet. Vijana wa Marekani. Wimbo wa mwaka 2017 huo."

Bwana wee, nilijiona kama mtu aliyeuziwa kipande cha sabuni ndani ya boksi la simu. Nikamwambia hao ni wezi, tena wezi wa mchana kweupe, na kwamba mwanamuziki asiye na sauti yake mwenyewe bora akauze mitumba. Kijana hakunijibu. Alikunja mkeka wake, akaondoka zake. Nami nikarudi kitandani, lakini usingizi sikuupata tena.

Wiki nzima hakugusa gitaa. Jumapili iliyofuata akaja, akasimama mlangoni, akaniuliza swali moja tu: "Ba'mdogo, mimi nikipiga gitaa, napiga kama nani?"

Nikajibu bila kufikiri: "Kama baba yako. Ukifumba macho unasema ni yeye."

"Basi na mimi mwizi?"

Hapo nikakosa la kusema. Kaka yangu alikuwa baharia. Miaka ya sabini, wenzake walipokuwa wakirudi na mashati ya maua, yeye alirudi na santuri. Alifariki mwaka 1998, mtoto akiwa na miezi minane. Aliacha gitaa, santuri kumi na moja na kanda moja aliyojirekodi mwenyewe sebuleni. Kijana kajifunza gitaa kwa kanda hiyo. Baba yake hakumjua kwa sura, kamjua kwa vidole.

Ndipo nikaamua kulitazama jambo hili upya, bila jazba.

Kosa la kufanana

Hebu kwanza tuwajue watuhumiwa. Greta Van Fleet walianza mwaka 2012 katika mji mdogo wa Frankenmuth, jimbo la Michigan. Ni ndugu watatu wa familia ya Kiszka: Josh anayeimba, pacha wake Jake anayecharaza gitaa, na mdogo wao Sam anayepiga besi na kinanda. Dramu ziko kwa rafiki yao Danny Wagner. Jina la bendi wamelitoa kwa bibi mmoja wa mji wao, wakalipunguza herufi moja.

Mapacha hao wamezaliwa mwaka 1996. Led Zeppelin ilivunjika mwaka 1980, baada ya mpiga dramu wao John Bonham kufariki Septemba ya mwaka huo. Maana yake, vijana hawa hawakuwahi kuikuta Zeppelin ikiwa hai. Wamekulia kwenye santuri za wazazi wao, sawa na yule wa kwangu na kanda yake.

Wimbo ulionikurupusha kitandani, "Highway Tune", ulishika nafasi ya kwanza kwenye chati ya roki ya Billboard mwaka 2017. Mwanzoni mwa 2019 wakapata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya roki kwa "From the Fires". Hapo wazee wenzangu ndipo walipochemka hasa, kwa sababu Zeppelin wenyewe walingoja hadi mwaka 2014 kupata Grammy ya kushindaniwa, tena kwa rekodi ya onyesho walilofanya London mwaka 2007, wakiwa na mvi!

Wahakiki nao hawakuwa na huruma. Albamu yao ya mwaka 2018, "Anthem of the Peaceful Army", ilipewa na Pitchfork alama 1.6 kati ya 10. Hizo hata mtoto aliyelala kwenye mtihani anazipata. Kosa lao kubwa lilikuwa kufanana.

Aliyeshangaza watu ni Robert Plant, mwimbaji wa Zeppelin, mwenye sauti inayodaiwa kuibwa. Mwaka huohuo wa 2018 aliulizwa kuhusu vijana hao, akawazungumzia kwa utani uliojaa mapenzi, akawafananisha na Zeppelin ya albamu ya kwanza. Mwenye mali anacheka, sisi majirani ndio tunapiga kelele za mwizi!

Wazee nao walichota

Na huenda Plant alikuwa na sababu ya kucheka. Yule anayejua historia ya nyumba yake mwenyewe hawezi kumnyooshea kidole mtoto wa jirani.

Nilizishusha santuri za kaka kutoka juu ya kabati, nikafuta vumbi, nikaanza kusoma majina ya watunzi. Miaka yote nilikuwa nacheza tu, nani asome maandishi madogo? Albamu ya kwanza ya Zeppelin ilitoka mwaka 1969, na ndani yake mna nyimbo mbili za mzee mmoja anayeitwa Willie Dixon. Hizo walimwandika jina lake, sina ugomvi nazo.

Ugomvi uko kwenye albamu ya pili, ya mwaka huohuo. Wimbo wa kufungulia, "Whole Lotta Love", ule ambao mimi na kaka tulikuwa tukiupiga mpaka jirani anagonga ukuta, ulitolewa kama utunzi wa Zeppelin peke yao. Kumbe maneno yake yanamrudia Dixon yuleyule! Alikuwa ameandika "You Need Love", na Muddy Waters akaurekodi mwaka 1962. Katikati wakapita vijana wa London, Small Faces, wakaupiga kwa mtindo wao mwaka 1966. Plant alikuwa akiwahusudu hao. Kwa hiyo wimbo umetoka kwa mzee, ukapita kwa kaka, ukafika kwa mdogo, na njiani jina la mzee likadondoka.

Willie Dixon alizaliwa Vicksburg, Mississippi, mwaka 1915, akafanyia kazi zake kubwa Chicago, kwenye kampuni ya Chess. Ukisikia roki ya Waingereza ya miaka ya sitini, nusu ya nguo zilizoanikwa kwenye ile kamba ni zake. Inasimuliwa kwamba binti yake ndiye aliyeusikia wimbo wa Zeppelin akaenda kumsikilizisha baba yake. Dixon akafungua kesi mwaka 1985, wakamalizana nje ya mahakama mwaka 1987. Leo jina lake limo kwenye orodha ya watunzi. Mzee alifariki mwaka 1992 jina likiwa limerudi nyumbani.

Nisionekane naibomoa Zeppelin, nataka haki pande zote. Siyo kila kinachofanana kimeibwa. Walishitakiwa pia kwa "Stairway to Heaven", kwamba mwanzo wake wa gitaa umetoka kwa bendi ya Spirit. Mwaka 2016 baraza la mahakama mjini Los Angeles likasema hapana, na mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikakubaliana nalo.

Rolling Stones nao? Hata jina wamelitoa kwenye wimbo wa Muddy Waters wa mwaka 1950. Albamu yao ya kwanza ya mwaka 1964 karibu yote ni nyimbo za watu. Beatles, ambao watu wanawaapia kama mitume wa utunzi, walitoa albamu ya kwanza mwaka 1963 ikiwa na nyimbo 14, na sita kati ya hizo si zao. Kama ni sumu ya kukopi, wote waliinywa wangali wachanga.

Yule wa Unguja

Hata kwa yule wa kwetu mambo ni hayohayo. Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, jina lake likiwa Farrokh Bulsara, akaondoka na wazazi wake kwenda Uingereza mwaka 1964. Mwaka 2003 wakatokea vijana wa mji wa Lowestoft, Uingereza, wanaoitwa The Darkness. Mwimbaji wao Justin Hawkins alikuwa akipandisha sauti mpaka unaogopa glasi za kabatini, na nguo zake zilibana kama ngoma. Watu wakasema: Queen hao, wanaiga! Albamu yao "Permission to Land" ilishika namba moja Uingereza, na mwaka 2004 wakachukua tuzo tatu za Brit.

Sasa sikia kilichotokea. Mwaka 2015 walihitaji mpiga dramu, wakampata Rufus Taylor. Huyo baba yake ni Roger Taylor, mpiga dramu wa Queen! Mtu uliyemwita mwizi wa nyumba, mtoto wa mwenye nyumba kahamia kwake.

Vipimo vyangu viwili

Baada ya kupekua yote hayo, nimebaki na vipimo viwili vya kumpima kijana yeyote wa roki.

Cha kwanza: je, anamtaja aliyemfundisha? Hapa Rolling Stones nawavulia kofia. Mei 1965, walipoalikwa kwenye kipindi cha televisheni cha Shindig! huko Marekani, walitaka Howlin' Wolf naye awemo. Akaimba mbele ya vijana wa Kimarekani ambao wengi hawakuwa wakimjua, na Stones wakaketi wakimtazama kama wanafunzi. Huko ndiko kulipa deni. Kuchota kisimani si kosa. Kosa ni kuchota halafu ukasema kisima umechimba wewe.

Cha pili: je, ameondoka kwa baba? Beatles wa 1963 na Beatles wa 1967 ni kama watu wawili tofauti. Zeppelin walipofika albamu ya tatu, mwaka 1970, waliweka magitaa ya umeme pembeni kwa nyimbo nyingi na kukaa na yale ya mbao. Mashabiki wakanuna, lakini bendi ilikuwa imepata nyumba yake.

Kwa kipimo hiki, Greta Van Fleet bado wana safari. Nimesikiliza "The Battle at Garden's Gate" ya 2021 na "Starcatcher" ya 2023. Gitaa la Jake limeanza kupata lafudhi yake, lakini sauti ya Josh kila ikipanda inanirudisha palepale kwenye santuri za kaka. Na dramu za Danny, pamoja na nguvu zote, hazina lile pengo dogo la Bonham, lile la kuchelewa kidogo linalomfanya mtu atikise shingo bila kujua.

Ila tuwe wakweli. Jimmy Page na John Paul Jones, kabla ya Zeppelin, walikuwa wamelipwa miaka kadhaa kupiga kwenye studio za London. Walikuwa mafundi waliokwisha kuungua vidole. Hawa wa Frankenmuth walikuwa watoto wa mji mdogo wanaofanya mazoezi nyumbani, na tukawapima kwa mizani ileile siku ya kwanza. Mnunuzi gani anakwenda shambani kupima embe bichi, halafu analaumu kwamba si tamu?

Nilivyojirudi

Jumapili ya tatu nilimwita kijana barazani. Nikamwambia: "Mwanangu, nilikosea. Lete gitaa."

Akasitasita, halafu akaniambia ana wimbo wake, aliutunga zamani, alikuwa anaogopa kunipigia. Akaupiga. Mwanzo wake niliujua palepale, ni ule mdundo wa kaka kwenye kanda, hakuubadilisha hata kidogo. Nikang'ata ulimi nisiseme neno. Ulipofika katikati, vidole vikakata kona, vikaingia mahali ambapo kaka yangu hakuwahi kufika. Mahali hapo ni pake yeye mwenyewe.

Alipomaliza akanionyesha karatasi alikoandika jina la wimbo. Chini yake, penye watunzi, yalikuwapo majina mawili: la baba yake, kisha lake.

Nilijifanya moshi wa jiko la jirani umeniingia machoni.

Kwa hiyo msomaji, kama nyumbani kwako kuna kijana anayekukera kwa kufanana na mtu wa zamani, mwache kwanza afike katikati ya wimbo. Mitumba tutauza sisi wazee. Wiki njema!