Hewa Unayoivuta: Namna ya Kukadiria Kiasi cha Uchafu Kinachokufikia

Mji wa Tunduma upo mpakani na Nakonde, Zambia. Malori yanayosubiri kuvuka hupanga foleni barabarani, na baadhi huacha injini zikiunguruma. Mfanyabiashara aliye kando ya foleni hiyo ana haki ya kujua anavuta nini.

Kituo cha kupimia hewa hueleza hali ya mahali kilipo, si hali ya mtu. Mtu huhama: alfajiri yupo jikoni, mchana barabarani, usiku chumbani. Kwa hiyo, ili kukadiria kinachomfikia, tunazidisha kiwango cha uchafu wa kila mahali kwa saa anazokaa hapo, tunajumlisha, kisha tunagawanya kwa 24.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa chembechembe laini, zenye kipenyo kisichozidi mikroni 2.5, ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Vipimo ni mikrogramu kwa mita moja ya ujazo:

Barabarani: saa 8 × 60 = 480
Jikoni kwenye kuni: saa 3 × 200 = 600
Kwingineko: saa 13 × 20 = 260

Jumla ni 1,340. Wastani wa siku ni takribani 56. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unashauri wastani wa saa 24 usizidi 15. Aidha, katika mfano huu saa tatu za jikoni zimezidi saa nane za barabarani. Anayelaumu malori peke yake atakuwa ameacha nusu ya tatizo nyumbani.

Tunamshauri mtumiaji:

1. Apikie nje au penye madirisha yaliyo wazi, na watoto wakae mbali na moshi.
2. Asilale na jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu, nayo huua.
3. Asogeze meza ya biashara mbali na mabomba ya moshi ya malori. Hata mita chache husaidia.
4. Asitegemee barakoa ya kitambaa. Haizuii vyema chembechembe laini.
5. Akinunua kipimo kidogo cha hewa, asiamini namba ya mara moja. Ukungu huweza kukipotosha; alinganishe vipimo vya siku kadhaa.

Kumbuka: hesabu hii ni makadirio. Mwenye kikohozi kisichokoma au pumzi fupi aende kituo cha afya bila kuchelewa.