Jambo Dogo Lililomkasirisha Naamani
Somo: 2 Wafalme 5:1-14



Mara nyingi tunamwambia Mungu, "Bwana, nitume popote." Tuko tayari kufunga siku tatu, kukesha usiku mzima, hata kwenda kwa miguu mpaka Kasongo kwa ajili ya Injili. Lakini shemasi kijana akituambia, "Nenda umwombe jirani yako msamaha," tunakasirika. Kwa nini?

Naamani alikuwa jemadari mkubwa wa Shamu, tena mwenye ukoma. Nani alimwonyesha njia? Msichana mdogo, mateka, mtumishi wa mke wake. Alipofika mlangoni kwa Elisha, nabii hakutoka kumsalimu. Alituma mjumbe tu: aende aoge mara saba katika Yordani. Naamani akaondoka kwa hasira. Aliona mito ya kwao ni bora, kama sisi tungeambiwa tuache Luama yetu tukaoge katika kijito cha wageni. Ndipo watumishi wake wakamsemesha kwa upole: kama angeamriwa jambo kubwa, je, asingelifanya? Akashuka mtoni, akatakasika.

Tuangalie vizuri. Mara mbili neno la uzima lilimfikia kwa kinywa cha watu wa chini yake. Basi unyenyekevu si kuinamisha kichwa wala kusema kwa sauti ndogo. Ni kuwa na sikio la kumsikia tuliyemzidi cheo. Na utii ni kufanya lile jambo dogo, mpaka mara ya saba.

Hapa petu Kabambare pana mfano. Mwaka 1870 misionere David Livingstone, aliyekuwa pia daktari, alikuwa na haraka ya kufika mto Lualaba. Watu wake wengi walimwacha. Akabaki na Susi, Chuma na Gardner. Vidonda vya miguu vikamrudisha hapa, naye tangu tarehe 22 Julai hadi 10 Oktoba, siku 80, hakutoka nyumbani. Aliandika kwamba kilichomsaidia ni malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, likasagwa kwa maji na kupakwa kwa unyoya. Daktari mwenye safari kubwa alisaidiwa na jiwe na unyoya.

Lakini tusidanganyike. Utii si kumfuata kila mtu anayesema, "Bwana ameniambia." Mitume walipokatazwa kuhubiri, walimtii Mungu kuliko wakubwa (Matendo 5:29). Mtu akikuamuru kutupa dawa ya hospitali au kumfukuza mke wako, pima neno lake kwa Maandiko. Yordani haikumdhuru Naamani.

Juma hili tusitafute jambo kubwa. Labda mtoto wako amekuambia, "Baba, jana ulisema uongo." Labda mama wa jirani amekukumbusha deni. Usiulize yeye ni nani. Uliza kama ni kweli, kisha ushuke mtoni.

Bwana atupe sikio la kusikia na miguu ya kutii. Amina.