Basenji au beagle: mbwa yupi anafaa familia yenye watoto?

Mmoja anatoka misitu ya Kongo, mwingine alilelewa Uingereza kwa ajili ya kufuatilia sungura wa porini. Wote wawili ni mbwa wadogo wa kuwinda, wana nywele fupi na uzito wa karibu kilo 10. Kwa picha tu, familia ya Wakongomani inayoishi Brussels au Paris inaweza kudhani kwamba kumchukua huyu au yule ni mamoja. Sivyo hata kidogo.

Tuanze na wa kwetu. Jina basenji ni ndugu wa neno "washenzi", tusi ambalo wazee wa Lubumbashi wanalikumbuka vizuri tangu enzi za ukoloni. Mbwa wa "basenji" alikuwa mbwa wa watu wa kijijini. Leo mbwa huyo huyo anauzwa ghali Ulaya na Marekani, akiwa na karatasi za ukoo wake. Mwaka 1937, mbwa waliotolewa Kongo ya Mbelgiji walionyeshwa kwenye maonyesho ya Crufts huko Uingereza na kuvuta umati. Mwaka 1987 na 1988, wafugaji wa Marekani walikuja hadi Zaire kutafuta wengine, kwa sababu damu ya wale waliokuwa kwao ilikuwa imekaribiana mno.

Sifa yake kubwa ni kwamba habweki. Hutoa sauti ya ajabu, kama mtu anayeimba kooni, na akiachwa peke yake anaweza kulia kama mtoto. Ndiyo maana wawindaji wa Ituri humfunga kengele ya mti shingoni, wapate kujua yuko wapi msituni. Hujilamba kama paka na hana harufu kali. Kwa anayeishi ghorofani, ukuta kwa ukuta na jirani, hilo si jambo dogo.

Beagle ni kinyume chake. Anabweka, na akinusa kitu hupiga mlio mrefu unaosikika mbali, maana aliumbiwa hivyo: mwindaji alihitaji kumsikia. Pua yake ndiyo iliyofanya Marekani imtumie viwanja vya ndege tangu 1984 kunusa nyama na matunda yaliyofichwa ndani ya mizigo. Msafiri aliyebeba sombe na samaki wakavu anaweza kukutana naye.

Lakini kwa watoto, beagle anaongoza. Alizoea kuwinda katika kundi, kwa hiyo anapenda watu, anapenda mbwa wenzake, na anavumilia makelele. Basenji naye anapenda watu wake, ila kwa masharti yake. Hapendi kuvutwavutwa, na mtoto wa miaka 3 hajui bado kumwacha mnyama aliyechoka. Kwa maoni yangu, nyumba yenye watoto wadogo ichukue beagle, na nyumba yenye vijana wa miaka 10 kwenda juu inaweza kumfikiria basenji. Kwa vyovyote vile, mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa yeyote.

Shida ya beagle ni tumbo. Anakula chochote anachokiona, na watoto wakizoea kumtupia mabaki ya bugali atanenepa upesi. Masikio yake marefu yakaguliwe kila wiki, kwa kuwa hupata maambukizi kwa urahisi. Basenji ana hatari nyingine: ugonjwa wa kurithi uitwao Fanconi, ambapo figo hushindwa kubakiza sukari na chumvi mwilini. Mbwa hunywa maji mengi na kukojoa ovyo, mara nyingi akiwa tayari mtu mzima. Tangu 2011 kuna kipimo cha DNA cha moja kwa moja. Muuzaji asiyeweza kuonyesha majibu ya wazazi wa mbwa, achana naye.

Kufungulia mbwa hawa kamba barabarani ni kosa. Basenji hufuata macho, beagle hufuata pua, na wote wawili huziba masikio wakishaanza kukimbia. Basenji hata anaweza kupanda uzio wa waya. Penye kuku wa jirani, hesabu hasara mapema.

Kwa msomaji aliye Bunia au Kisangani, mbwa anayefanana na basenji anaweza kupatikana kijijini bila karatasi yoyote. Huyo apelekwe kwanza kwa daktari wa mifugo. Kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Chanjo hurudiwa kwa tarehe anayoandika daktari kwenye kadi.

Anayemtaka basenji wa Ulaya ajiandae pia kusubiri. Jike lake hupata joto mara moja tu kwa mwaka, na huko watoto wengi huzaliwa kuelekea Desemba.