Leseni ya Lori: Kutoka Mtaa wa Nyamwezi Hadi Daraja E

Tangu muhula uanze wenzangu wa hosteli za Mabibo wananiuliza swali lile lile: mwanafunzi wa mwaka wa tatu, kozi ya ualimu, leseni ya lori ya nini? Jibu fupi ni ada. Boom haitoshi na mjomba wangu ana Fuso. Jibu refu linaanzia Mtaa wa Nyamwezi, Kariakoo, usiku mmoja wa likizo ya mwaka jana.

Anayekwenda Kariakoo mchana kununua viatu hajaiona Kariakoo yenyewe. Mitaa ikipumua kidogo usiku, ndipo malori yanapoingia kupakia mizigo ya mikoani. Katikati yake kuna mikokoteni, maguta, makuli wenye mabelo mgongoni, na mama wa chai ambaye hahami hata lori likija. Jina lenyewe la mahali hapa limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Miaka mia na ushee baadaye, bado ni mahali pa kubeba.

Usiku huo mimi nilikuwa utingo. Binamu yangu alikuwa kwenye usukani, anarudi nyuma kuelekea mlango wa stoo. Nikasimama nyuma napiga bodi kwa kiganja: "Njoo, njoo, kata kushoto, njoo!" Mzee mmoja mwenye mkokoteni akajipenyeza nyuma ya lori, kama wanavyofanya siku zote. Nikapiga bodi mara mbili haraka. Kwangu mimi mara mbili ni simama. Kwa binamu yangu, mara mbili ni endelea. Hatukuwahi kukubaliana.

Mzee alivunjika mguu. Mjomba akalipa hospitali, akalipa mkokoteni, na mambo yakamalizwa na wazee wa pande zote mbili. Kilichoninyima usingizi nilikijua baadaye. Binamu yangu, ambaye ameendesha Fuso lile miaka miwili, leseni yake ni ya daraja D. Yaani gari dogo. Kama tungekwenda kwenye bima, swali la kwanza lingekuwa leseni ya dereva, na tungekwama hapo hapo.

Hapa nieleze kidogo, maana hata wasomi wanachanganya. Leseni ya Tanzania ina madaraja. A na wadogo zake ni pikipiki na bajaji. C, nayo ikiwa na ngazi zake, ni magari ya abiria kuanzia teksi hadi basi kubwa. D ni gari la kawaida ambalo halibebi abiria wa kulipa. E ndiyo ya malori. H ni ya kujifunzia, ile inayoambatana na ubao wa "L". Kuwa na D mfukoni hakukupi ruhusa ya Fuso, hata kama umelala ndani yake miaka kumi.

Njia ya halali siyo ya ajabu. Unasoma kwenye chuo kilichosajiliwa. Hapa Dar wengi wanakwenda Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, ambacho ni majirani zetu hapa Mabibo, au VETA Chang'ombe. Unapimwa macho. Unafanya mtihani mbele ya polisi wa usalama barabarani, maana wao ndio wanaopima, na TRA ndio wanaopokea ada na kutoa kadi. Ada ya leseni tangu mwaka 2019 ni shilingi 70,000 na kadi inaishi miaka 5. Kabla ya hapo ilikuwa 40,000 kwa miaka 3. Ukitaka kuendesha gari la biashara kuna LATRA pia, ambao sheria yao ya mwaka 2019 imewapa kazi ya kuwathibitisha na kuwasajili madereva.

Njia ya pili nayo ipo, tusidanganyane. Kwenye kijiwe cha kahawa mtu mmoja aliniambia, "Mdogo wangu, wewe msomi, unapoteza muda wa nini? Lete picha na hela, E utaiona wiki ijayo." Nilifikiria. Kusema kweli nilifikiria siku mbili nzima, kwa sababu gharama yake ilikuwa chini ya ada ya chuo. Kilichonizuia si uadilifu mkubwa. Ni ule mguu wa mzee.

D nilikuwa nayo tangu nimalize kidato cha sita, kwa hiyo nilijiona najua gari. Wiki ya kwanza darasani ilinitoa ujinga. Mwalimu alianza na breki, na siku tatu hakutoka hapo. Gari dogo ukikanyaga breki, mafuta yanasukuma na gari linasimama. Lori kubwa linatumia upepo: kuna kompresa inayojaza mitungi, na kila ukikanyaga pedali unatumia sehemu ya upepo uliowekwa akiba. Ukipiga piga breki ovyo kama tunavyofanya kwenye IST, unamaliza akiba kabla kompresa haijarudisha. Mshale unashuka, kengele inalia, na upepo ukizidi kupungua, springi zinakaba magurudumu zenyewe, utake usitake, popote ulipo.

Halafu joto. Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto. Mwendo ukitoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, nguvu ambayo breki lazima zimeze haiwi mara 2, inakuwa mara 4. Ongeza tani 10 za vitunguu juu yake. Ukishuka mlima mrefu mguu ukiwa juu ya pedali muda wote, ngoma zinachemka, breki zinalegea, na pedali unaikanyaga haina jibu. Ndiyo maana dereva mwenye akili huteremka kwa gia, na gia hiyo huiweka juu, kabla mteremko haujaanza. Ukisubiri mpaka lori limeshika kasi, huenda gia isiingie tena.

Mwalimu alikuwa na mfano mmoja tu wa kila kitu: Kitonga. Lori linapakia nyanya au vitunguu Ilula, mkoani Iringa, na muda mfupi baadaye, likija Dar, linaukuta ule mteremko wenye kona juu ya kona. Kwa hiyo mtihani mgumu unakuja mwanzoni mwa safari, mzigo ukiwa umejaa.

Tulijifunza mengine pia. Kona: magurudumu ya nyuma hayafuati ya mbele, yanakata ndani, kwa hiyo unaifungua kona kwanza. Trela: ukitaka mkia uende kulia, usukani unaanza kushoto. Hilo lilinitesa kuliko hesabu zote za kidato cha nne. Na kurudi nyuma: kama humwoni anayekuongoza kwenye kioo, unasimama. Hakuna mara moja wala mara mbili. Mwalimu alipolisema hilo nikainamisha kichwa nikajifanya naandika.

Mtihani wenyewe sitauelezea sana. Alama za barabarani, maswali, kukagua gari kabla ya kuwasha, kurivasi kati ya nguzo, kuondokea kwenye kilima bila kurudi nyuma, kisha barabarani na afande pembeni. Rivasi niligonga nguzo moja mara ya kwanza, nikarudi siku nyingine. Mara ya pili nikapita.

Lakini kuna jambo ambalo kadi yangu haisemi. Lori nililofundishiwa lilikuwa tupu. Lori nililopimiwa lilikuwa tupu. Mimi ni dereva halali wa malori na sijawahi kusimamisha hata kilo moja ya mzigo. Naelewa ugumu wake, nani atapakia tani 10 kwa ajili ya mwanafunzi? Lakini nadhani hapo ndipo mfumo wetu una tundu, na tundu hilo linazibwa na madereva wazee wanaokubali kukaa na kijana pembeni, bila malipo na bila cheti chochote.

Mjomba aliiona kadi Jumapili. Akafurahi, akaniombea dua, kisha akasema Alhamisi lori linakwenda Iringa na mzigo wa Kariakoo, linarudi na vitunguu vya Ilula, na dereva ni mimi. Nikamwambia, "Shikamoo mjomba, lakini hapana." Alinuna. Kumlipa dereva mwingine ni hela, na hela hiyo ndiyo ingekuwa ada yangu ya muhula. Tulikaa kimya mpaka chai ikapoa. Mwishoni akampigia simu dereva mmoja wa zamani, mtu aliyeshuka Kitonga tangu mimi sijazaliwa.

Alhamisi naondoka naye. Nitakaa kiti cha utingo, na binamu yangu ameanza kuuliza ada ya chuo ni kiasi gani.